Vile Nilisema

Zombe,
14 Februari 1983

Kwa Mwalimu wangu Nzomo,

Nakusalimu kwa heshima kubwa, wewe na watu wa nyumba yako huko Mbooni. Natumaini baridi ya milima imekupokea vizuri baada ya miaka mingi ya jua letu.

Nimechukua kalamu kwa sababu niko na jambo zito. Unakumbuka tarehe kumi na tatu Januari, wiki zako za mwisho za ukarani ofisini, ulipokuja hapa Zombe pamoja na askari kuandika maelezo ya watu kuhusu Mutie? Mutie, mwenye kile kisima cha mchanga mtoni, alikuwa amepatikana juzi yake amelala kando ya kisima, kichwa kimepasuka, hajitambui. Askari waliuliza nani alimwona Sugow siku hiyo. Sugow ni yule mfanyabiashara wa mbuzi, na watu wote walijua alikuwa amegombana na Mutie tangu Desemba, mbuzi zake zilipovunja boma ya miiba na kuchafua kisima.

Mimi nilijitokeza mwenyewe. Nilisema kwamba Sugow alipitia dukani kwangu asubuhi, akanunua sukari na majani ya chai, akaniambia, "Leo mimi namaliza na Mutie. Hii maneno haifiki kesho." Nilisema hivyo nikijua ninamsaidia. Mtu anayebeba sukari kwenda kwa mtu anaenda kupatana naye.

Juzi Falis, bibi ya Sugow, alitoka kortini mjini. Alisimama kwa mlango wangu, hakunisalimu. Akasema, "Kalunde, wewe nasema bwana yangu naua mtu?" Nikamwuliza ni nani amesema hivyo. Akaniambia karatasi ilisomwa mbele ya hakimu, na karatasi ilikuwa na jina yangu. Ilisema: "Leo nitammaliza Mutie. Hatafika kesho." Sukari haikutajwa.

Mwalimu, sikusema hivyo. Sugow yuko rimandi tangu hiyo siku. Mutie amepata fahamu lakini hakumbuki kitu. Hakuna ushahidi mwingine wowote, ni hiyo karatasi tu.

Naomba uandikie korti barua, useme vile alisema hasa. Najua utanisaidia, kwa maana wewe ndiye ulinifundisha kusema ukweli.

Mwanafunzi wako wa siku zote,
Kalunde Kilonzo

*

Mbooni,
28 Februari 1983

Kwa Kalunde,

Barua yako imenifikia, nami nimeisoma kwa makini. Hapa hatujambo. Mahindi yamekauka na maparachichi yanaanguka bila mtu wa kuyaokota.

Kwanza, utaona kwamba nimeirudisha barua yako ndani ya bahasha hii. Nimeyasahihisha makosa kumi na saba kwa wino mwekundu, kama nilivyokuwa nikifanya zamani, kwa sababu mwalimu hastaafu. Hatusemi "niko na jambo". Tunasema "nina jambo". Hatusemi "vile alisema", tunasema "alivyosema". Hatusemi "jina yangu". Mwaka wa 1966 ulikuwa wa kwanza katika darasa langu la saba. Ilinihuzunisha kuona duka limekufanya usahau.

Pili, kuhusu maelezo yako. Mimi sikuongeza uongo wowote. Kazi yangu ilikuwa kuweka kauli za watu katika lugha inayoweza kusomwa na hakimu wa mahali popote, awe ametoka Kitui au Lamu. "Namaliza na Mutie" si Kiswahili. Mtu humaliza kitu, au humaliza mtu. Hamalizi na mtu. Sentensi ilikosa mtendwa, nikaipa mtendwa wake. Habari za sukari niliziacha kwa sababu ripoti si soga za dukani.

Zaidi ya hayo, nilikusomea maelezo yote, neno kwa neno, mbele ya askari. Nilikuuliza, "Ndivyo?" Ukasema, "Ndivyo, Mwalimu." Ukatia sahihi. Sasa unataka nimwambie hakimu kwamba mimi, niliyefanya kazi ile miaka kumi na mitatu bila doa, sikujua nilichosikia?

Lugha isiyo na sheria ni shamba lisilo na mpaka, Kalunde. Kila mtu atalima anapotaka, na mwisho wake ni vita. Mwache hakimu afanye kazi yake. Kama mtu huyo hana hatia, Mungu hamwachi.

Nakutakia heri,
Mwalimu J. M. Nzomo

*

Zombe,
9 Machi 1983

Mwalimu,

Nimepata barua yangu. Ilikuwa nyekundu kama imechinjiwa kuku juu yake. Nilikaa nayo siku tatu. Siku ya kwanza nililia, ya pili nikaona aibu, na ya tatu nikasema basi.

Hii barua nimeandika vile naongea. Usiirudishe. Ukiirudisha nitaituma tena.

Ile ya kwanza niliandika mara nne, nikitafuta maneno mazuri, ili usinione mjinga. Mtu yuko rimandi analala kwa simiti na mimi natafuta maneno mazuri! Na wewe hukuona mtu. Uliona makosa kumi na saba.

Umesema ulinisomea na mimi nikasema ndivyo. Hiyo ni kweli, na sitaificha tena. Kwa barua ya kwanza niliificha kwa sababu inaniuma. Uliposoma "nitammaliza" mimi nilisikia. Nikajiambia, labda hivyo ndivyo wasomi wanasema "maliza na yeye". Nikajiambia, Kalunde, nyamaza, askari asijue hujui Kiswahili. Mimi niko na miaka thelathini na moja na watoto wanne, lakini ukisimama mbele yangu na kalamu nakuwa msichana wa darasa la saba. Ndiyo sababu nilitia sahihi. Haya yangu imemfunga Sugow, na kalamu yako imemfunga. Tulimfunga sisi wawili.

Unasema "maliza na" si Kiswahili. Ni cha nani basi? Baba yangu alijifunza Kiswahili kwa kazi ya barabara, na wale walimfundisha walikuwa wametoka kila pahali. Sugow akaja hapa kijana, hajui hata "maji", akajifunza kwa baba yangu na kwa soko. Mimi na Falis tumezaa pamoja, tumezika pamoja mtoto wake, tukiongea hii hii. Hatukuchanganyikiwa hata siku moja. Na watoto wetu wanaongeza yao. Kijana yangu mkubwa ameenda Nairobi wiki mbili tu, amerudi ananiita "mathe", hasemi tena mama. Nimemkaripia, lakini nimejua ananiita mimi.

Sasa sikuombi tena kama mwanafunzi. Nakuambia. Wewe ulikuwa na ile daftari ndogo ya kijani uliandika haraka haraka na penseli nikiongea, kabla ya kuandika karatasi safi. Iko wapi? Ulisikia nini na masikio yako?

Falis amesema na yeye anataka kuandika. Amesema kwa Kiswahili, mimi nimeshika kalamu. Nilitaka kumsaidia na maneno mawili matatu. Amekataa.

Kalunde

*

(imefungwa pamoja na hiyo)

Mwalimu,

Mimi Falis, bibi ya Sugow. Kalunde naandika, mimi nasema.

Wewe najua mimi. Wewe nakunywa chai kwa nyumba yangu mara mbili, ile mwaka ya njaa, wewe nahesabu watu.

Sugow namaliza na watu mingi. Biashara ya mbuzi iko na maneno kila siku. Yeye kama namaliza na mtu, hiyo mtu jioni nakula kwa nyumba yangu. Mimi napika. Hii miaka kumi na nne mimi napikia watu Sugow namaliza na wao. Kama maliza ni ua, basi mimi napikia maiti?

Ile siku yeye nafika kwa Mutie, hakuna mtu. Yeye narudi na sukari. Hiyo sukari bado iko. Askari naona, nasema hii ni sukari tu.

Mimi sina nguvu ya kulia. Wewe sema ile kitu nasikia.

Falis

*

Zombe,
30 Aprili 1983

Mwalimu,

Wiki saba hujajibu. Kama umekufa, mtu wa nyumba aniandikie nije kwa mazishi. Kama uko mzima, jua kesi imewekwa tarehe sita Juni, saa tatu asubuhi. Mimi nimeitwa upande wa mashtaka. Wanataka nisimame niseme tena ile karatasi.

Mwenye mashtaka alinitumia mtu. Aliniambia nisome karatasi usiku na mchana nisisahau maneno yangu. Nikamwambia maneno yangu sijasahau, ni karatasi imesahau. Akasema nikigeuza nitafungwa kwa kusema uongo. Nikamwambia aje na pingu mbili, kwa maana mimi niko na mkono mbili.

Akapotea kwa barabara, nikafunga duka saa hiyo hiyo. Lakini nilimwambia.

Kalunde

*

Mbooni,
15 Mei 1983

Kwa Kalunde,

Niko hai. Nilikuwa najificha.

Nataka kukueleza jambo lililonipata wiki iliyopita. Jirani yangu hapa anaitwa Mbuvi. Shamba lake liko chini ya langu, na mlima huu ni mkali kiasi kwamba mtaro wangu ukibomoka udongo wote unamwangukia yeye. Mvua ya Aprili iliubomoa. Maharagwe yake yalifukiwa. Kwa majuma matatu hatukusalimiana. Kanisani tulikaa madawati ya mbali.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nje nikipukuchua mahindi. Nikamwona anapanda kijia, ametoka kukata majani ya ng'ombe, panga liko mkononi. Akasimama mbele yangu, jasho linamtiririka, akasema, "Mwalimu, leo nimekuja kumaliza na wewe."

Nikavuta kigoda, nikamwambia, "Karibu, keti."

Akaketi. Akaliweka panga chini. Tukazungumza mpaka uji ukaletwa. Tulikubaliana tutauchimba mtaro pamoja, na nimpe mbegu ya maharagwe. Nilimsindikiza. Ilikuwa ni wakati wa kurudi, peke yangu, ndipo niliposikia alichokuwa amesema, nikakaa kwenye jiwe.

Mtu mwenye panga aliniambia anakuja kumaliza na mimi, Kalunde, nami nilimpa kiti.

Nimelitoa daftari la kijani sandukuni. Liko mbele yangu ninapoandika. Ukurasa wa kumi na tisa, kwa penseli: "S. asb. dukani. Sukari, chai. 'Leo mimi namaliza na Mutie, hii maneno haifiki kesho.'" Nilisikia sawasawa. Nilipokuwa nikinakili jioni ile ofisini, nilikutana na "haifiki". Nikasema, mama huyu amekosea, alitaka kusema "hafiki", yaani "hatafika". Na "hii maneno" nikaiona ni kigugumizi chako cha kawaida, nikakifuta. Kwa kusahihisha herufi moja nilimgeuza Mutie kuwa mtu asiyefika kesho. Nilijisikia vizuri. Nilisoma ukurasa ule safi nikajivunia mwandiko.

Nililikumbuka daftari hili tangu barua yako ya kwanza. Sikulifungua kwa sababu nilijua.

Utauliza kwa nini nilikuwa mkali hivyo na lugha. Nilipokuwa kijana nilikwenda pwani kusomea ualimu. Siku ya kwanza nilisimama kusoma kwa sauti, nikasema "ngari" badala ya "gari", na "ndawa" badala ya "dawa", kama mama yangu alivyosema. Darasa zima lilicheka. Mwaka mzima waliniita Ngari. Nilikuwa nikienda ufukoni peke yangu kuzoeza ulimi hadi ukavimba. Niliapa hakuna mtu atakayenicheka tena. Nadhani nilipokuwa naandika maelezo yenu nilikuwa nawaficha ninyi, ili msichekwe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Huenda nilikuwa najificha mimi.

Karani aliyebadilisha maneno ya shahidi anaweza kushtakiwa yeye mwenyewe. Nina miaka hamsini na mitano. Sikuahidi kitu. Sijui kama nitakuja.

Nzomo

*

Zombe,
24 Juni 1983

Mwalimu,

Ulitoka kortini mbio, ukapanda basi kabla nikufikie. Kwa hivyo hukusikia vile mimi nilisema, kwa maana ulikuwa nje na mashahidi wengine, na hukungoja kusikia mwisho wake. Nitakuambia.

Hakimu aliniuliza kama nataka kuongea Kikamba. Nikasema hapana. Sugow hakuniambia kwa Kikamba. Nitasema vile alisema.

Nikasema. Karani wa korti akaanza kunyoosha. Akasema, "Shahidi anasema kwamba mshtakiwa alimwambia atam..." Nikamkatiza. Nikasema, "Hapana." Hakimu akaniangalia juu ya miwani. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba huyu aandike yangu. Yake atasema siku yake akiwa shahidi."

Kiongozi wa mashtaka akasimama, kijana na tai. Akaniuliza, "Mama, kwa Kiswahili sanifu hiyo ni 'nitammaliza'. Sivyo?"

Nikamjibu, "Kwa Kiswahili sanifu sijui. Sikuwa huko. Nilikuwa Zombe."

Watu walicheka, na wewe huko nje labda ulisikia kicheko ukafikiri wananicheka mimi. Hawakunicheka mimi.

Akaniuliza, "Kwa nini basi ulitia sahihi?" Hapo ndipo nilitaka ardhi inimeze. Falis alikuwa ananiangalia. Sugow alikuwa ananiangalia, amekonda, kola ya shati imekuwa kubwa kama ya mtu mwingine. Nikasema, "Kwa sababu niliona haya. Nilifikiri Kiswahili yangu ni mbaya na ya Mwalimu ni nzuri. Nikatia sahihi yake." Akauliza, "Na leo huoni haya?" Nikasema, "Leo naona. Lakini sitii sahihi."

Halafu wakakuita. Mlango ulifunguka na sikuamini. Ulikuwa na ile koti ya kahawia ya kufundishia, na daftari umeshika na mikono yote miwili kama mtu amebeba yai. Ulisoma ukurasa. Hakimu akakuuliza kwa nini karatasi inasema tofauti na daftari. Hukujitetea. Ulisema, "Mheshimiwa, nilisikia Kiswahili, nikadhani ni makosa."

Hayo maneno yako watu ya Zombe wanayarudia mpaka leo.

Hukumu ilikuwa Jumatatu tarehe ishirini. Hakimu alisema karatasi haina nguvu. Mutie, kumbukumbu yake ikirudi kidogo kidogo, alikuwa amesema mbele yake sasa anakumbuka kushuka kisimani, anakumbuka ukuta wa mchanga ukitikisika, yeye akipanda kutoka, baada ya hapo giza. Na daktari alisema gogo la kushika ukuta wa kisima likianguka linaweza kupasua kichwa sawa na rungu. Akamwachilia Sugow hapo hapo.

Sitakudanganya kwamba yote imekuwa sawa. Ni miezi mitano. Mbuzi wengi wa Falis walikufa kiangazi, hakuna mtu wa kuwapeleka malisho ya mbali. Sugow anakaa nje ya nyumba yake hasemi, mtu akipita na unifomu, hata ya shule, anasimama wima. Mutie naye hajaja kumwona. Lakini juzi nilienda mtoni, nikakuta Mutie amefungua upande mmoja wa boma ya kisima, amechimba birika ndefu kwa mchanga, kimo cha mbuzi. Yeye hana mbuzi.

Falis anasema asante. Amesema pia hajakusamehe bado, na niandike hivyo.

Kalunde

*

Mbooni,
10 Julai 1983

Kalunde,

Mwambie Falis ana haki. Nitangoja.

Nami nina habari. Juma lililopita nilitumiwa gari la serikali hapa. Halikuweza kupanda, kwa hiyo maofisa wawili walitembea kwa miguu na viatu vyao vya kung'aa hadi kwangu. Walikuwa wapole sana. Walisema jambo la kortini limeitia ofisi aibu, na makarani wengine wanaulizwa maswali. Wakatoa karatasi iliyopigwa chapa tayari. Walitaka nitie sahihi tu.

Niliisoma. Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa, Kalunde, hakina kosa hata moja. Kilisema: "Mimi, kutokana na uzee na uchovu, nilichanganyikiwa wakati wa kunakili." Wakaniambia nikitia sahihi mambo yataishia hapo.

Nikawauliza, "Nani amesema maneno haya?"

Mmoja akasema, "Ni wewe, Mwalimu. Ni maelezo yako."

"Nimeyasema lini?"

Akacheka kidogo. "Ni namna tu ya kuweka jambo."

Nilitazama karatasi ile nikakuona wewe umekaa kwenye lile benchi mbele ya duka, askari nyuma yako, nami nakuuliza, "Ndivyo?" Nilijua sasa neno hilo lina uzito gani likiulizwa na mtu aliyesimama.

Nikawaambia sikuwa nimechanganyikiwa. Nilikuwa na akili timamu, macho mazuri, na taa nzuri. Nilibadilisha maneno ya mama mmoja kwa sababu niliyaona duni. Si mimi peke yangu; makarani wote tulifundishwa hivyo, tukasifiwa kwa hivyo, na kama wanataka kujua ni watu wangapi walitia sahihi maneno ya watu wengine, wayafungue makabati. Wayaandike hayo, nitatia sahihi sasa hivi.

Yule mkubwa akasema, "Unajitafutia matatizo, mzee."

Nikasema, "Nimeyapata. Karibuni uji."

Hawakunywa. Wamesema nitaitwa. Jumapili mzee wa kanisa aliniomba nipumzike kusoma matangazo mpaka jambo litulie, na watu wengine wananisalimu kwa mbali, kama mtu mwenye surua. Mbuvi ameacha kazi yake siku mbili anachimba nami mtaro. Yeye haniulizi kitu. Anaongea tu siku nzima, nami nasikiliza. Nilikuwa sijawahi kumsikiliza mtu huyu kwa miaka ishirini ya kuja nyumbani likizo bila kumsahihisha kimoyomoyo. Ni kazi ngumu, nakwambia. Mara nyingine ulimi wangu unawasha.

Wakiniita nitakwenda.

Nzomo

*

Zombe,
19 Agosti 1983

Mwalimu Nzomo,

Sisi wazima. Sikupata nafasi ya kuandika mapema, kwa maana hapa kulikuwa na vita ndogo, na nataka uisikie kutoka kwangu.

Jumatano lori ya changarawe iligonga tangi ya maji ya soko. Simiti yote chini, na maji ya wiki nzima yakaenda na barabara. Ofisi ikaleta karani mpya kuandika mashahidi. Kijana safi, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Akaweka meza chini ya kivuli cha duka langu. Wanawake walikuwa kwenye foleni ya maji wakati lori inakuja, kwa hivyo mashahidi walikuwa wanawake kumi na mmoja.

Wa kwanza alikuwa Kaluki, yule mama wa kuuza vyungu. Hajui kusoma. Akasema aliona lori inatoka juu ikiwa inalala. Karani akaandika, akamsomea, akamwambia aweke kidole kwa wino. Kaluki akaweka mikono nyuma. Akaniita, "Kalunde, kuja usome hii kitu."

Nikasoma. Ilikuwa imeandikwa, "Dereva alikuwa amelala."

Kaluki akasema, "Dereva sikuona. Nimesema lori ilikuwa inalala." Akaonyesha na mkono, hivi, upande, kama ng'ombe amebebeshwa mzigo mbaya. Changarawe ilikuwa imejaa upande mmoja, sisi wote tuliona.

Karani akatabasamu. "Mama, lori halilali. Anayelala ni mtu."

Kaluki akamwambia, "Hii ilikuwa inalala. Mimi niliona. Wewe hukuwa."

"Nikiandika hivyo mkubwa wangu atanicheka."

"Acheke. Akitoka kucheka aje abebe maji na sisi."

Kijana akaweka kalamu chini. Akasema hiyo si lugha ya serikali, na kama hatutaki kusaidia serikali ataandika hakuna mashahidi. Akaita wa pili. Wa pili akasema yeye atangoja wa kwanza amalize. Akaita wa tatu. Wa tatu alikuwa Falis. Falis akavuta kiti yangu kutoka ndani ya duka, akaiweka katikati ya barabara, akaketi, akafunga mikono. Wale wengine wakaketi chini pale pale kwa vumbi, mmoja mmoja, na mitungi yao. Hakuna mtu alipanga. Mimi nilikuwa nimesimama, nikaona ni vibaya kusimama peke yangu, nikaketi.

Tulikaa hapo mpaka kivuli kikatoka kwa meza na jua likampata yeye. Alivua koti. Akafuta uso. Sugow alikuwa anapita na mbuzi tisa, hao ndio wamebaki, akasimama akaangalia watu wote wameketi barabarani. Akauliza ni nini. Falis akamwambia kwa Kisomali, akacheka. Mwalimu, ni mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Januari.

Basi yule kijana akachukua kalamu. Akakata mstari juu ya "dereva alikuwa amelala". Akasema polepole, kama mtu anauliza njia, "Mama, hii 'inalala' yenu... niiandikeje?"

Tulimjibu wote pamoja, hata Falis, hata wale hawakuwa wanasikia vizuri huko nyuma.

"Andika vile unasikia!"

Akainama, akaandika.

Ni mimi,
Kalunde wa Zombe